Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, Muleba ya leo, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Ng'ambo kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, eti mkoa mzima uliangua kicheko kwa miezi. Ripoti ya madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyochapishwa mwaka 1963, haina utani huo. Inaeleza vipindi vya kucheka na kulia vilivyokoma kisha vikarudi, pamoja na hofu ya kukimbizwa na mtu asiyeonekana.

Damu na maji ya uti wa mgongo vilipimwa, chakula nacho kikachunguzwa. Haikupatikana sumu wala kijidudu. Basi ikasemwa ni hisiteria ya kundi, na wengi wameridhika hapo. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini maradhi yalifuata njia yaliyoifuata. Baadhi ya wasichana waliporudishwa kwao Nshamba, watu 217 wakapatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba: wasichana 48 kati ya 154. Mmoja wao akarudi nyumbani Kanyangereka, ndugu zake wakaanza, na shule mbili za wavulana za jirani zikafungwa. Walimu wa Kashasha, waliokuwa na wasichana hao siku zote, hakuguswa hata mmoja. Maradhi haya yalipita katika undugu, rika na darasa, wala hayakumvamia kila aliyekuwa karibu.

Wako wanaotaja Uhuru wa Desemba 1961 na matarajio mazito yaliyowaelemea wanafunzi. Huenda yalichangia, ila Uhuru ulikuwa wa Tanganyika nzima, na kicheko kilikuwa cha eneo la Bukoba. Wengine husema kutafuta chanzo katika jamii ni kuwaita wasichana wale waigizaji. Sivyo hata kidogo. Vipimo vya ubongo vya miaka ya karibuni vimeonyesha kuwa kusikia tu kicheko huamsha sehemu zinazoandaa misuli ya uso, mtu apende asipende. Mwili uliteseka kweli. Mazingira ndiyo yaliyochochea. Ndiyo maana Kashasha ilipofunguliwa tena tarehe 21 Mei, wanafunzi 57 walipatwa, na mwisho wa Juni ikafungwa mara ya pili.

Kwa hiyo kijana anayesomea ubongo chuoni asiishie maabara. Achunguze pia mpangilio wa mabweni, ratiba na adhabu za shule za wakati ule, tena awaendee wenyewe. Wasichana wa Kashasha walikuwa wa miaka 12 hadi 18. Walio hai sasa ni mabibi waliovuka sabini. Waulizwe mapema.