Bahashishi kwa fedha ipi? Waulize wapagazi wa kusini

Wadau, watalii wanaoshuka Zanzibar kutoka kwenye zile meli kubwa za starehe wana swali lao: wahudumu wa meli tuwape bahashishi kwa dola, kwa euro au kwa shilingi? Linaonekana swali dogo la watu wenye nazo. Lakini ukilitazama kutoka huku kwetu Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde, ni swali la zamani sana, na walioumia kwa majibu mabaya ni wabeba mizigo.

Tuanze na karne ya 19. Misafara ilikuwa inatoka Lindi na Mikindani kwenda bara. Livingstone alipitia Mikindani mwaka 1866, na Askofu Steere akaja Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Pwani fedha ilikuwa riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama imetengenezwa miaka mia moja baadaye. Bara, riale moja nzima ungenunulia kuku gani, na chenji utaipata wapi? Kwa hiyo mpagazi alipewa nguo: merikani, iliyopata jina kwa sababu ilitoka Marekani, au kaniki. Nguo nyingine ilikuwa posho, yaani ya kubadilishana na chakula njiani. (Waandishi wenzangu mnaoulizia posho kwenye semina, asili yetu ndiyo hiyo!) Nguo ni nzito na ikilowa inaharibika, lakini kijiji cha mbele walikuwa wanaitaka.

Wakaja Wajerumani na rupia. Mwaka 1904 waliamua rupia moja iwe na heller 100 badala ya pesa 64. Tayari walikuwa wameweka kodi, rupia 3 kwa mwaka, na wakazidi kutaka ilipwe kwa fedha taslimu. Hapo mambo yakageuka. Aliyelipwa merikani sasa alikuwa na nguo ya kuvaa lakini hana cha kumpa mtoza kodi. Ilibidi aiuze dukani kwa bei ya mwenye duka. Asiye na rupia alifanyishwa kazi. Maji Maji ilipolipuka Julai 1905, kodi ilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Agosti mwaka huohuo misheni ya Masasi ikachomwa moto.

Kisha vita vya 1914. Sarafu zilipowaishia, Wajerumani walichapa noti za dharura Dar es Salaam kuanzia 1915, na baada ya kuupoteza mji huo mwaka 1916 wakaendelea kutengeneza nyingine ndani ya nchi, zilizokuja kuitwa noti za porini. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa huku kwetu. Akashuka uwanda na kuvuka Ruvuma akiwa na askari 1,700 hivi na wapagazi wapatao 3,000. Ng'ambo ya mto ni nchi ya Wareno. Jiulize, noti ya rupia ya Kijerumani ungempa nani kule akuuzie mhogo? Walipoweka silaha chini mwaka 1918, waliobaki walikuwa bado wanadai mishahara yao. Upande wa Waingereza mishahara ilikuwa rupia za kweli, lakini wapagazi walikufa kwa maelfu na fedha za wengi hazikuwafikia ndugu zao. Jina lao limebaki Kariakoo, kutoka Carrier Corps.

Baadaye ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na tarehe 14 Juni 1966 shilingi yetu wenyewe. Hata hivyo, miaka mingi hoteli na wapandisha watalii Kilimanjaro wamehesabu kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Ninachokiona katika historia yote hii ni kwamba anayelipa huchagua fedha iliyo rahisi kwake, na kazi ya kuigeuza kuwa ugali humwachia anayelipwa. Huo ni mzigo wa pili, na haulipiwi. Mgeni anayempa mbeba mabegi wa Stone Town sarafu ya euro 2 anafanya yaleyale, maana maduka ya kubadilishia fedha hayapokei sarafu za kigeni. Dola iliyochanika au ya zamani nayo humpa kijana safari ya kuzunguka mjini akibembeleza.

Kwa hiyo jibu linategemea anayepokea atalala wapi. Mhudumu wa meli anayelipwa kwa dola na kutuma fedha kwao Manila, mpe dola, noti safi. Aliyekubebea mzigo nchi kavu, mpe shilingi. Na kama hujui, muulize mwenyewe. Wale wapagazi 3,000 pale Ruvuma, nani aliwauliza?