Ngome ya Lamu: Kutoka Gereza hadi Baraza la Mji

Majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki yameandikwa sana kwa upande wa mawe, chokaa na vipimo vyake. Kwa upande wa watu wanaoyatumia yameandikwa kidogo. Ngome ya Lamu yastahili kuangaliwa kwa upande huo wa pili. Thamani yake ya leo haitokani na kuta zake peke yake, bali pia na shughuli ambazo wenyeji huzifanya ndani yake, na lugha wanayoitumia katika kuzifanya.

Kuhusu asili ya ngome ziko riwaya mbili. Moja yasema kwamba aliyeanza kuijenga ni Fumo Madi, Sultani wa Pate. Nyingine, ambayo ndiyo mashuhuri zaidi, yasema kwamba ujenzi ulianza yapata mwaka 1813, baada ya vita vya Shela ambapo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa, ukamalizika yapata mwaka 1821. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu waliomba himaya ya Sayyid Said wa Oman, na ngome ikawa makao ya askari wake. Lakini uhasama huo haukupiganiwa kwa silaha tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, na fikira za pande zote mbili zimehifadhika katika tungo hizo. Kwa hiyo ngome na mashairi hayo ni watoto wa ugomvi mmoja, na anayeieleza ngome bila ya kuyataja mashairi huwa ameeleza nusu ya habari.

Kuanzia mwaka 1910 hadi mwaka 1984 jengo hili lilikuwa gereza, kwanza la serikali ya kikoloni na kisha la serikali ya Kenya huru. Kwa zaidi ya miaka 70, watu walikutana na kuzungumza katika uwanja wa Mkunguni mbele ya lango ambalo hakuna aliyetamani kuliingia. Jengo lilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, lingeweza kufanywa ghala la vitu vya kale vya kutazamwa na wageni. Badala yake, pamoja na maonyesho, limewekwa maktaba, na nafasi zake zimefunguliwa kwa mikutano, harusi na sherehe za mji. Maulidi na tamasha la utamaduni huuleta umati hadi Mkunguni, na mashindano ya bao na ya ushairi huwa sehemu ya tamasha hilo.

Uzito wa uamuzi huo waonekana vema ukilinganishwa na hali ya siwa. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huohuo. Zamani zilipulizwa katika harusi na sherehe kubwa. Sauti yake ndiyo iliyokuwa maana yake. Leo zimesalimika, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini zimenyamaza. Ngome, kinyume chake, imepata sauti baada ya kunyamazishwa. Kuhifadhi kitu na kukiacha kiishi si jambo moja, na mara nyingi la kwanza hufanywa kwa kudhaniwa kwamba la pili limekwisha kufanyika.

Kwa mwanaisimu, tofauti hii si ndogo. Mpango wa kuuhifadhi mji wa Lamu ulitolewa mwaka 1986, na mwaka 2001 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zikapata walinzi; maneno hayakupata. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, tekani, kiwanda, msana wa tini na msana wa yuu, ndani, nyumba kati na sabule. Katika majina hayo Kiamu chajidhihirisha chenyewe: *tini* mahali pa *chini*, na *yuu* mahali pa *juu*. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya vyumba vya siku hizi hana pa kuyasikia maneno haya ila aongozwe na mzee ndani ya nyumba ya kale, akitajiwa kila mahali kwa jina lake na kazi yake. Mafunzo ya namna hiyo huihifadhi lugha pamoja na jengo, wala hayahitaji gharama kubwa.

Lakini jamii inayoitwa ngomeni ni ipi? Siwa zilikuwa alama ya waungwana. Walikuwamo mjini watumwa pia, na vizazi vyao vingali vipo. Wako Wabajuni wa visiwani, Waboni wa misitu ya bara, na wakulima waliohamia kutoka sehemu nyingine za Kenya. Ujenzi wa bandari mpya, uliozinduliwa mwaka 2012 na kutoa gati yake ya kwanza mwaka 2021, umelifanya swali hili kuwa zito zaidi. Ikiwa historia inayosimuliwa ngomeni ni ya nyumba za mawe pekee, wengi watakuwa wageni katika mji wao. Ikiwa masimulizi ya wafungwa, watumwa na wavuvi yatapewa nafasi sawa na ya masultani, ngome itakuwa baraza kwa maana zake zote mbili: mahali pa kuketi, na mahali pa kusikizwa.

Kazi ya kuyakusanya masimulizi hayo katika lahaja za wenyewe haiwezi kuachiwa wahifadhi wa majengo. Ni kazi ya idara za lugha, na wazee wanaoyajua hawatangoja.