Kivuli Kilichopima Dunia

Tusidhani kwamba elimu ya nyota ni ya wenye mitambo mikubwa tu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mtunza vitabu wa Alexandria huko Misri, alisikia kwamba mjini Syene, ndio Aswan ya leo, siku moja kila mwaka jua la adhuhuri hufika hata chini ya kisima. Lakini siku hiyo hiyo Alexandria kivuli kilikuwapo. Kama dunia ingalikuwa bapa, vivuli vingalilingana. Basi alikipima, akaona pembe yake ni sehemu moja ya 50 ya duara. Akazidisha mwendo kati ya miji hiyo mara 50, akapata mzunguko wa dunia, usio mbali sana na kilomita 40,000 tunazozijua leo.

Nasi wa Lubumbashi tusimike kijiti kilichonyoka uani. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, Desemba, kaskazini. Karibu na tarehe 24 Oktoba na 18 Februari hutoweka, maana jua li utosini. Mawingu ya Februari yakilificha, tungoje Oktoba. Asiyepima husadiki ya kuambiwa, aliyepima amejionea.