Boti Inakohoa Masinga? Cheki Propela Kwanza

Buda, umetoka Karurumo na injini ndogo ya boti iliyoletwa kutoka Mombasa, ukafika Masinga ikaanza kuvuta kama imebeba mawe. Usikimbilie kabureta. Soma namba kwenye propela. 9¼ x 10 ni upana wa inchi 9¼ na pichi 10, yaani mzunguko mmoja ungeisogeza boti inchi 10 mbele kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu.

Shida ni mwinuko. Masinga ikijaa iko kama mita 1,056 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na ile propela ilikuwa fiti Mombasa huku inageuka mzigo.

Pima hivi: pakia watu na samaki kama kawaida, fungua mafuta yote, soma takometa. Kitabu cha injini kikisema 5,000 hadi 6,000 na umekwama 4,700, shuka pichi inchi mbili. Kila inchi hurudisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Ukipita 6,000 umeshuka sana, utaua injini. Ukiiacha chini, unachoma doo na pistoni zinaumia.

Propela ya stenlesi inang'aa, manze, lakini Masinga hukauka. 2009 KenGen walizima mitambo ya hapo juu ya ukame. Maji yakishuka hivyo mawe yako karibu, so chukua aluminiamu. Ikigonga itapinda yenyewe kabla gia hazijavunjika. Na kama injini yako inatumia pini kwa propela, beba ya akiba. Na kasia pia.