Kitabu cha Picha, Nyota ya Karatasi na Vibanda vya Matete Rungwe

Wamisionari wa Kanisa la Moravian, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walianzisha kituo chao chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Yaliyofuata wenyeji wa Tukuyu wanayajua: kanisa, shule, karakana. Lisilosimuliwa sana ni kwamba askofu mmoja wa kanisa hilohilo, zaidi ya miaka 200 kabla ya hapo, ndiye aliyeandika kitabu ambacho wanahistoria wengi wa elimu hukihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha picha kwa watoto barani Ulaya.

Askofu huyo ni Jan Amos Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 huko Moravia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Czech. Maisha yake yalikuwa ya mtu asiye na kwao. Vita vya dini vilimfukuza nchini, tauni ikamwondolea mke na watoto, na mwaka 1656 mji wa Leszno, Poland, alikokuwa amepata hifadhi, ukateketea pamoja na miswada yake ya miaka mingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1658, kitabu chake Orbis Sensualium Pictus kikachapishwa mjini Nürnberg, Ujerumani.

Kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Kinafunguka kwa alfabeti ya sauti za viumbe, kunguru akilia, kondoo akilia, ili mtoto aige kwa mdomo kabla hajaandika herufi hata moja. Kisha zinakuja sura zipatazo 150, kila moja na picha yake: maji, mawingu, nyuki, mwoka mikate, mjenzi wa nyumba, michezo ya wavulana. Vitu ndani ya picha vina namba, na namba hizohizo zimo kwenye maneno, hivyo kidole cha mtoto kinasafiri kutoka picha kwenda neno na kurudi. Maneno yako katika safu mbili, Kilatini cha shuleni na Kijerumani cha nyumbani. Iko pia sura inayoeleza karatasi inavyotengenezwa kwa vitambaa vikuukuu vilivyopondwa hadi vikawa rojo. Kwa maneno mengine, mtoto alifundishwa kuwa ukurasa aliokuwa anaushika, jana ulikuwa shati la mtu.

Miaka 25 kabla ya hapo, Comenius alikuwa ametoa kitabu kingine, hiki kwa wazazi, kuhusu malezi ya mtoto hadi umri wa miaka sita. Shule ya kwanza, alisema, ni mapaja ya mama. Aliwataka wazazi wawaonyeshe watoto picha na wawaache wajenge vijumba kwa udongo, vipande vya miti na mawe.

Kanisa lake liliposimama upya Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18, kazi ya mikono ilibaki na heshima yake. Katika shule ya bweni ya Wamoravian huko Niesky, miaka ya 1830, mwalimu wa hesabu aliwafundisha wavulana maumbo kwa kuwakunjisha nyota ya karatasi. Shule za namna hiyo zililea watoto wa wamisionari, ambao wazazi wao walikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Ikawa desturi kukunja nyota hizo Majilio yanapoanza. Baadaye mwanafunzi wa zamani, Pieter Verbeek, akaanza kuziuza dukani kwake, na leo nyota yenye pembe 25 inajulikana katika makanisa ya Moravian duniani kote. Ilianza kama karatasi mikononi mwa watoto waliowakumbuka wazazi wao.

Je, watoto wa Rungwe walikuwa wakisubiri mtu awafundishe kujenga? La hasha. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 na kuzisifu sana nyumba za Wanyakyusa na migomba yao. Na Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alieleza jinsi wavulana wachungaji walivyojizoeza kujenga vibanda tangu wadogo. Walipofika miaka kumi au kumi na moja walihamia humo hasa, pembezoni mwa kijiji cha baba zao. Walilala huko na kurudi kwa mama kula. Mchezo wa kibanda ulikua ukawa kijiji kizima cha watu wa rika moja. Sijui ufundi mwingine wa watoto uliopewa heshima kubwa kuliko huo.

Mikono ilikuwepo basi. Kilichochelewa ni kitabu cha picha cha nyumbani. Kwa miaka mingi kitabu kilichomfikia mtoto kilikuwa cha ibada au cha darasani, na cha darasani kilibaki kabatini kengele ya mwisho ilipolia. Mwaka 1991, miaka 100 kamili tangu Wamoravian wafike, ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa wa busara: mchapishaji alitoa hadithi ya Kiswahili yenye michoro, na mradi ukanunua sehemu kubwa ya nakala kwa ajili ya shule na maktaba, ili asiogope hasara.

Nyanda za Juu Kusini nazo zilitoa mchoraji wake. John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, alichukua rangi za Tingatinga akachora wanyama waliovaa kama wanakijiji wenzetu, na mwaka 2005 kitabu chake kuhusu marafiki wa kweli kikatuzwa katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Kinachoniuma ni kwamba vitabu vyake vilitangulia kutoka kwa Kijerumani, Uswisi. Watoto wa huko waliwaona wanyama wetu kabla ya watoto wa Tukuyu.

Ufundi wenyewe haujasubiri vitabu. Gari la waya lenye magurudumu ya ndala bado linasukumwa kwenye miteremko ya Rungwe. Mipira ya mifuko ya rambo ilipungukiwa malighafi baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini majani makavu ya mgomba yapo mwaka mzima, na matambara hayakosekani. Visoda ambavyo mwalimu wa chekechea huvitumia kuhesabia vinafaa pia kuwa macho ya kinyago cha boksi.

Kwa familia inayotaka kuanza, ningependekeza kitabu cha mtindo wa Comenius kilichotengenezwa nyumbani. Kata boksi kurasa sita, bandika picha za kalenda ya mwaka jana au mchoro wa mtoto mwenyewe: chai, ndizi, ng'ombe, mvua. Weka namba kwenye kila kitu. Upande mmoja bibi ataje neno la Kinyakyusa na mkubwa aliyeko aliandike, upande wa pili mtoto aandike la Kiswahili. Toboa matundu matatu pembeni na ushone kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa kwanza, maana ikiwa kavu hukatika.