Nyigu aliyetoka Uingereza mpaka Taita: historia ya kabichi na dawa inayokataa kuua



Kuko neno linalosikika sana kwa walimaji wa shu: "dawa imepoteza nguvu." Mkulima akisema vile, mara moja tunafikiri ameuziwa dawa ya bandia, na bandia ziko kweli. Lakini kuna uwezekano wa pili ambao tuliufundishwa kwenye oditorio na tukausahau mara tulipopata diplomi: dawa iko nzima, ni mdudu ndiye si yule wa zamani. Jambo hili lina historia ndefu, na nimependa tuifuate kupitia mdudu mmoja tu, ju ya huyu mmoja karibu amepita madarasa yote.

Jina lake la kitaalamu ni Plutella xylostella. Ni kipepeo cha kijivu, hakifiki sentimita moja, na kikikunja mabawa unaona alama za pembe-pembe mgongoni. Kiwavi chake ni cha kijani. Ukikigusa kinarukaruka na kujitupa, kinabaki kinaning'inia kwenye uzi. Kila aliyelima shu au sukuma anakifahamu, hata kama hajui jina.

Musidhani habari ya wadudu kuzoea dawa ilianza na DDT. Mwaka 1914, huko Marekani katika jimbo la Washington, mtaalamu A. L. Melander alichapisha makala iliyouliza kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa. Alikuwa ameona wadudu gamba wa San Jose kwenye miti ya pomu: dawa ya chokaa na salfa iliyowaua vizuri sehemu moja ilikuwa inawaacha hai sehemu nyingine. Swali lake lilikuwa mezani miaka 25 kabla Paul Müller hajagundua, mwaka 1939, kwamba DDT inaua wadudu.

Hapa tuwe waangalifu na lugha yetu wenyewe. Tunasema mdudu "amezoea", kama mtu anavyozoea pilipili. Si hivyo. Dawa haimfundishi mdudu kitu. Kati ya maelfu shambani, wachache wamezaliwa tayari na namna ya kuivunja sumu mwilini, au na neva ambazo sumu haizishiki vizuri. Unapuliza, wengine wote wanakufa, wale wachache wanabaki peke yao na shamba zima, wanazaana. Ukipuliza tena dawa ile ile unarudia kuchagua wazazi wale wale. Sasa ongeza kwamba kwenye joto Plutella anamaliza kizazi katika wiki mbili au tatu, na kwamba shu kwa nchi zetu inalimwa mwaka mzima. Kile ambacho mfugaji wa ng'ombe anafanya kwa miaka mingi, mpulizaji wa dawa anakifanya kwa musimu mmoja, bila kujua.

Sasa twende Java, Indonesia, ju ndiko hadithi inaanza kunoga. Mwaka 1950 kuliletwa huko nyigu mdogo sana kutoka Nyuzilandi, ambako alikuwa amefikishwa kutoka Uingereza katika miaka ya 1930. Leo anaitwa Diadegma semiclausum. Hamuumi mtu. Jike linataga yai ndani ya kiwavi cha Plutella, na mtoto wake anakila kile kiwavi kutoka ndani mpaka kukimaliza. Lakini wakati huo huo walimaji wa Java walikuwa wanapuliza DDT, na nyigu hana kinga kama ya Plutella. Mwaka 1953 Ankersmit akaandika kwamba pale Lembang Plutella alikuwa hafi tena kwa DDT. Kati ya wadudu wa mazao, anahesabiwa kuwa wa kwanza kuripotiwa hivyo. Munaona namna mambo yalivyojipanga: dawa ilishindwa kumuua adui, ikaendelea kumuua rafiki.

Ilichukua karibu miaka 30 watafiti wa Indonesia kurudi kumtafuta yule nyigu. Walimkuta hai, tena anafanya kazi kubwa kule ambako walimaji walikuwa wanatumia Bt, dawa inayotokana na bakteria, ambayo inaua kiwavi akiila lakini nyigu haimgusi. Mwaka 1985 akapelekwa Taiwan, akafaulu kwenye milima yenye baridi. Kwenye joto la chini anashindwa.

Kabla ya kuisifu Bt kupita kiasi, tukumbuke Hawaii. Mwaka 1990 Bruce Tabashnik na wenzake walionyesha kwamba Plutella wa mashamba ya huko, yaliyopulizwa Bt mara kwa mara, alikuwa ameanza kuishinda. Basi hata dawa "ya asili" haisameheki ukiitumia peke yake.

Na tukiwa kwenye asili: kwenye miinuko ya Kivu, wakati wa Wabeljiji, kulilimwa pareto, ua ambalo kutokana nalo viwanda viliiga na kutengeneza dawa kama sipametrini, deltametrini na lamda-sihalotrini. Zote hizo zinagonga mlango mmoja kwenye neva ya mdudu, na DDT iligonga mlango huo huo. Mdudu aliyebadilisha kufuli kwa sababu ya DDT alikuwa tayari nusu njia kabla hizo mpya hazijafika sokoni.

Kenya ilikuwa na tatizo hilo: walimaji wa kabichi na sukuma wiki walipuliza mara nyingi, kiwavi kikabaki, na nyigu wa kienyeji waliua sehemu ndogo tu. Kituo cha ICIPE cha Nairobi, katika mradi ulioongozwa na Bernhard Löhr, kilimleta Diadegma kutoka Taiwan mwaka 2001. Julai 2002 aliachiliwa Werugha, kwenye vilima vya Taita. Kabla yake walihesabu zaidi ya Plutella 5 kwa kila mche. Mwaka wa tatu hawakufika hata 1. Wachumi waliokadiria faida ya kazi hiyo mwaka 2005 walipata dola 24 kwa kila dola 1 iliyotumika.

Najua jibu la wengi wetu: mkulima wa Mudaka mwenye deni la mbegu hawezi kungojea nyigu. Ni kweli, na mimi sisemi aache pompi kesho asubuhi. Lakini Werugha ni milima ya baridi kama Kabare, na nyigu wa aina yoyote hawezi kukaa katika shamba linalopulizwa kila Jumamosi, kiwavi kiwepo kisiwepo. Kwangu mimi kazi ya kwanza ya agronomu hapa ni kumfundisha mtu kugeuza majani ya miche 20 na kuhesabu kabla ya kushika pompi.

Kazi ya pili ni namba. Tangu 1984 kuko kamati ya kimataifa ya viwanda vya dawa, IRAC, inayozipanga dawa kwa makundi kulingana na mlango zinaogonga. Kwenye chupa nyingi kundi limeandikwa: 1, 3, 5, 28. Mkulima anayetoka kwenye sipametrini kwenda lamda-sihalotrini anafikiri amebadilisha dawa, ju jina na rangi ya chupa ni tofauti. Zote ni 3. Hajabadilisha kitu. Na kama dawa amepimiwa kwenye chupa ndogo ya maji, namba imebaki dukani, hata agronomu mwenye lisansi hawezi kumsaidia.

Ya tatu haina gharama, lakini ndiyo ninayoiona imesahaulika zaidi. Baada ya kukata shu tunaacha visiki shambani, vinachipua majani, na pembeni tunapanda miche mipya. Plutella anayekaa kwenye visiki vile ni mtoto wa walionusurika na dawa ya musimu mzima. Ving'olewe siku ile ile ya mavuno, vipewe mbuzi au vifukiwe, kabla ya miche mipya kutoka kwenye kitalu.