Pwani ya Kenya katika Jicho la Kamera ya Ulaya

Katika filamu ya Die weiße Massai (2005) ya Hermine Huntgeburth, pwani ya Kenya ni kizingiti tu cha mapenzi ya Mzungu na Msamburu, aliyeigizwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Paradies: Liebe (2012) ya Ulrich Seidl inaukejeli utalii wa ngono. Hata hivyo, mapenzi anayoyatafuta Teresa, mhusika mkuu kutoka Vienna, huishia kwenye madai ya fedha. Kejeli inamlenga Mzungu, ilhali Mwafrika anabaki mwombaji. Mkulima wa Kidigo wa Mkongani, upande wa bara kutoka Diani, hayumo katika filamu zote mbili. Kutokuwamo huko nako hujenga dhana potofu, hata pale msanii anapokusudia kuibomoa.